Yai Juu ya Viazi

Mgeni akifika kijijini Dalvorich Jumamosi asubuhi na kumkuta Netta Rattray njiani, kosa la kwanza atakalofanya ni kuchungulia ndani ya kigari. Ni desturi ya watu wema. Ukiona kigari cha mtoto unachungulia, unatabasamu, unasema kafanana na bibi yake. Basi mgeni atainama, tabasamu liko tayari mdomoni, na atakachokiona chini ya kile kifuniko cheusi ni gunia la viazi la kilo ishirini, na juu ya viazi kitambaa cha jikoni, na katikati ya kitambaa yai moja la kuku.

"Amelala?" aliwahi kuuliza bwana mmoja wa kutoka Glasgow kabla hajaona vizuri.

"Akiamka tumekwisha," Netta akamjibu, akaendelea kusukuma.

Wenyeji hawachungulii. Wao huuliza swali moja tu, wakiwa dukani, wakiwa juu ya matrekta, hata mlangoni mwa kanisa mchungaji akiwa bado anawaaga watu: "Limefika?" Netta hujibu limefika, au limevunjika. Likifika, njia ni nzima, na mtoto anaweza kulala ndani ya kigari kutoka uwanja wa kanisa hadi kwenye maporomoko, kilomita mbili kasoro kidogo, bila kushtuka. Likivunjika, watu wanatoka na masepetu Jumamosi hiyo hiyo, kwa sababu Netta anajua limevunjikia wapi, anajua ni jiwe gani lililolivunja, na mara nyingi anajua ni nani aliyeliweka jiwe hilo.

Hakuzaliwa fundi wa njia. Alikuwa mpishi wa shule, na mpaka alipostaafu hakuna mtoto wa bonde la Tarvie aliyekua bila kula supu yake ya dengu. Fundi ni mumewe, Sandy, fundi wa kuta za malisho, zile zinazojengwa bila saruji wala udongo, jiwe linakaa juu ya jiwe kwa akili tu. Sandy anaweza kulizungusha jiwe mkononi mara moja akajua mahali pake. Watu je? Watu walimshinda. Aliwasikiliza, akatikisa kichwa, akarudi kwenye mawe.

Walipompata binti yao Elspeth, miaka arobaini na mitatu iliyopita, nyumba yao ilikuwa ya mwisho kijijini na barabara pekee iliyopita mlangoni ilikuwa ya malori ya magogo. Mwezi wa kwanza wote Netta alikaa ndani akiitazama mvua. Mwezi wa pili akasema potelea mbali, akamlaza mtoto kigarini akashika njia ya kondoo kwenda maporomoko. Hakufika hata nusu. Gurudumu la mbele lilizama kwenye tope, likang'oka, na yeye akarudi nyumbani mtoto begani na matope magotini. Sandy alipokwenda kukifuata kigari alirudi nacho kichwani, na kijiji kikapata cha kusema kwa wiki nzima.

"Kondoo wa watu unawajengea," Netta alimwambia jioni ile. "Wanakaa vizuri kuliko mimi. Sasa nijengee na mimi."

"Ukuta?"

"Njia."

"Ya kwenda wapi?"

"Maporomoko."

Sandy akafikiri. "Kuna nini huko?"

"Hakuna malori."

Jumamosi iliyofuata walianza, wao wawili, na Elspeth ndani ya kikapu cha nguo chini ya mti. Mwaka wa pili walikuwa watu sita, mwaka wa tano kumi na wanane. Leo ukisikia watu wa bonde wakitaja "watu wa Jumamosi" ndio hao, walimu na wachungaji wa kondoo na mama wa duka la posta, wenye sururu, matoroli na chupa za chai, na mchana supu ya Netta ukumbini. Sandy alijenga kingo za mawe penye miteremko na makaravati ya kupitishia maji. Netta alibuni lile jambo la yai, kwa sababu alichoka kusikia watu wazima wenye mabuti wakimwambia njia ni nzuri. Mabuti hayana habari, alisema. Liulize yai. Nguzo zikasimikwa kuanzia kanisani, kila moja na mstari wa kijani, maana yake hata mwenye mtoto mchanga apite. Mwishoni kabisa, mkabala na maji yanapoanguka, Sandy akajenga benchi la mawe la watu wawili. Netta hakuwahi kulikalia. Kila alipofika pale aligeuka papo hapo, kwa kuwa wakati wa kwenda alikuwa ameona karavati limezibwa na majani na hakuweza kutulia.

Lakini hatua mia mbili kabla ya maporomoko kuna malisho ya Lachie Menmuir, na pa kuingilia malishoni palikuwa na lango la busu. Malango ya namna hii ni kazi ya mtu aliyemfahamu kondoo: kilango cha mbao kinachocheza ndani ya kizimba cha nusu duara. Unaingia kizimbani, unakisukuma kilango upande wa pili, unatokea. Kondoo hana subira hiyo. Jina limetokana na ushuru wake. Anayetangulia hukishika kilango, na anayemfuata hapiti mpaka atoe busu. Wapo waliolipa pale mara moja wakafunga ndoa, na wapo waliolipa wakafuta midomo. Netta alilipa akiwa na miaka ishirini na minne, kwa Sandy ambaye mpaka siku ile hakuwa amemwambia neno lolote zaidi ya "mvua inakuja". Mvua yenyewe haikuja.

Kwa hiyo miaka minne iliyopita, Lachie aliposimama kwenye mkutano ukumbini akasema lango limeoza, na kwamba yeye yuko radhi kuweka geti pana la chuma linalojifunga lenyewe, Netta hakungoja mwenyekiti.

"Lango lile libaki."

"Limeoza, Netta."

"Hata wewe umeoza na tumekuacha."

Ukumbi ukacheka, Lachie naye akacheka, kwani ni mtu mpole ambaye amegombana na kondoo maisha yake yote na hana nguvu za kugombana na wengine. "Na vigari vipiteje?" akauliza.

"Changu kinapita."

Na kweli kilipita. Namna kilivyopita ndiyo habari yenyewe. Netta akifika langoni alisimama, akalichukua yai pamoja na kitambaa chake, akalitia mfukoni mwa koti. Kisha alikiinamisha kigari mpaka kikasimama kwa magurudumu mawili ya nyuma, akakibana ubavuni, akakisukuma kwa nyonga, akatokea upande wa pili. Hapo alilitoa yai mfukoni, akalirudisha juu ya viazi, akaendelea na safari kama mtu aliyepiga chafya tu. Miaka mingi amefanya hivyo, hata mkono ukawa unakwenda wenyewe. Kijiji kizima kilimwona. Nyani haoni kundule, wahenga walisema, na huyu mwenye jicho la kuona kokoto moja iliyokaa vibaya hakuwahi kuliona lake.

Shona Petrie, mama wa mapacha, alikuja na kigari chake cha watoto wawili kando kwa kando, akakwama langoni, akarudi. Alimkuta Netta dukani.

"Bi Rattray, pale kwa Lachie sipiti."

"Kikunje kigari."

"Nikikikunja, watoto niwaweke wapi?"

"Una mikono mingapi?"

Shona akalipia maziwa yake akatoka. Tangu siku hiyo alikuwa akiishia nguzo ya sita, anakaa kidogo kwenye gogo, anageuza. Netta alimwona mara nyingi tu. Alijiambia kwamba wasichana wa siku hizi hawajui kusukuma.

Kisha ikaja Februari ya mwaka juzi. Sandy alikuwa nyuma ya nyumba akipasua kuni, na Netta alipotoka kumwita aje kula aliliona shoka limelala kwenye theluji na mwenye shoka amelala kando yake. Kiharusi kilichukua mguu wa kulia na mkono wa kulia, na maneno kikayabakiza machache. "Hasara ndogo," Sandy alisema siku ya kwanza ulimi ulipomrudia, na nesi akadhani anauzungumzia mguu.

Wakamrudisha nyumbani na kiti cha magurudumu. Akawa anakaa dirishani. Kutoka pale dirishani maporomoko hayaonekani, lakini mvua ikinyesha usiku, asubuhi yanasikika, na asubuhi za namna hiyo Sandy aliacha uji wake ukapoa.

"Lini?" aliuliza.

Netta hakuhitaji kuuliza lini nini. "Yai likifika."

Maana alikuwa ameipima njia upya kichwani, na haikumridhisha. Njia inayomfaa mtoto wa kilo saba haimfai mzee wa kilo themanini. Pale panapoitwa Kifua, ambapo kilima kinapanda ghafla na kila mtu hupumua kwa mdomo, kiti kingeweza kurudi nyuma na mtu wake. Basi akawaita watu wa Jumamosi, akawaambia Kifua kikatwe upya, kizungushwe mara tatu badala ya kupanda moja kwa moja. Waliguna, wakaja. Lachie alileta changarawe kwa trela yake. Hata Shona alikuja na sepetu, akachimba tangu asubuhi mpaka saa ya chai, na Netta akampa kipande kikubwa cha biskuti ya siagi, akidhani hesabu yao imekwisha.

Miezi kumi na minne walichimba. Netta alijaza kigari viazi mpaka springi zikalia, na mara tano yai lilivunjikia Kifuani. Mara ya pili ilikuwa kosa la mzizi. Mara ya nne, mwalimu wa hesabu aliapa kwamba kuku ndiye mwenye kosa, ganda ni jembamba. Kila likivunjika Sandy aliuliza lini, na kila akiuliza alipewa jibu lile lile.

Ukweli ni kwamba Netta aliogopa. Yeye mwenyewe asingekubali ukimwambia, lakini nitasema mimi. Tangu asubuhi ya lile shoka, alikuwa akimwona Sandy kaanguka hata alipokuwa kakaa salama mbele ya moto. Kuchimba kulimtuliza. Mtu akiwa na sepetu mkononi hana nafasi ya kuwaza, na njia ambayo haijakwisha haiwezi kumwangusha mtu.

Jumamosi ya kwanza ya Mei, yai lilifika. Alilifikisha hadi kwenye benchi na kulirudisha nyumbani, akaliweka mezani mbele ya Sandy, zima. Sandy akalitazama muda mrefu.

"Kesho," akasema. Halikuwa swali.

Jumapili ikaamka na jua. Visubi walikuwa bado hawajaanza kuuma, wana-kondoo walikuwa wakirukaruka bila sababu, na Sandy alivaa kofia yake ya kazini badala ya ile ya kanisani. Kiti kikapita nguzo baada ya nguzo. Kifuani Netta hakuhema hata mara moja. Sandy alilitazama kila karavati alilolijenga na kila ukingo, na penye jiwe moja lililotokeza alinyoosha mkono wa kushoto akaligusa, namna mtu anavyomgusa mbwa wake kichwani. Netta alimwona, akajiona mtu mwenye bahati.

Wakafika langoni.

Magurudumu ya mbele yaliingia, yale makubwa yakakataa. Netta akarudi nyuma hatua moja, akajaribu tena. Mbao zikakwaruza pande zote mbili. Basi akafanya kama alivyozoea: akasimama vizuri, akatanua miguu, na mkono wake wa kulia ukaenda kuchukua yai ulitie mfukoni. Ukakuta goti la Sandy. Hakukuwa na yai, kulikuwa na mtu, na mtu hatiwi mfukoni. Mkono ukabaki pale.

Hapo ndipo alipojiona. Mara zote zile, miaka yote ile, hakuna yai lililowahi kupita lango lile likiwa kigarini.

Maporomoko yalikuwa yakisikika wazi, hatua mia mbili tu, na hewa ilishakuwa na unyevu wake. Sandy alikuwa amefumba macho akisikiliza. Aliyafumbua, akalitazama lango, akamtazama mkewe.

"Hapa," akasema polepole, "nilikamatwa. Mara ya kwanza." Akapumua. "Na leo."

Netta hakucheka. Alikuwa na hasira ya kung'oa mti, na mti wenyewe ulikuwa yeye.

Lachie alikuwa akiwapa kondoo chakula upande wa juu, akashuka na pikipiki yake ya magurudumu manne, mbwa kakaa nyuma. Hakuuliza kumetokea nini, kila kitu kilikuwa wazi.

"Nikubebe, Sandy? Mgongoni tu. Nimebeba madume mazito kuliko wewe, tena yanayopiga mateke."

"Hapana."

"Ni hatua mia mbili, bwana."

"Nitapita," Sandy akasema, akanyoosha kidole cha kushoto chini, kwenye changarawe, "kwa njia."

Wakageuza. Supu ya Netta siku ile haikuwa na chumvi. Sandy aliimaliza.

Jumatatu kabla ya saa mbili Netta alikuwa uani kwa Lachie.

"Lile geti lako la chuma. Bado unalo?"

"Liko ghalani tangu ule mkutano. Nilijua utakuja."

"Ulijuaje?"

Lachie akajikuna shingo. "Netta, mama wee, kijiji kizima tumekuona ukilitia yai mfukoni."

"Na hamkusema."

"Nani aseme? Mwenye ufunguo wa jikoni ukumbini ni wewe. Tungekula nini Jumamosi?"

Netta akafunga vifungo vya koti. Akatoka pale akaenda moja kwa moja kwa Shona Petrie, akamkuta anawavisha mapacha viatu, mmoja akivishwa mwingine akivua.

"Kigari chako kina upana gani?"

"Sentimita sabini na sita," Shona akasema papo hapo. Mtu aliyekwama mahali hasahau kipimo.

"Nilikukosea," Netta akasema. "Nilikukosea na nikakufanyia mzaha juu yake. Nisamehe."

Shona akafunga kamba ya kiatu. "Nililia siku ile, Bi Rattray. Nyumbani, si dukani." Akamkabidhi pacha mmoja. "Mshike huyu nimvishe mwenzake. Haya, yamekwisha."

Lango lilitolewa Jumamosi ile. Watu walidhani Netta hatakuja, lakini alikuja wa kwanza, akaomba spana, na boliti ya juu akaifungua kwa mkono wake. Alisema tu kwamba ni jepesi kuliko alivyofikiri. Mpaka leo limeegemezwa kwenye ukuta wa ghala la Lachie na kuku wake hulala juu yake. Geti jipya likasimikwa, pana mita moja na robo, na komeo lake Netta aliagiza liwekwe chini, usawa wa mkono wa mtu aliyekaa.

Mngedhani basi, kesho yake wakaenda. Hapana. Netta akasema geti jipya limebadilisha ardhi pale mlangoni, changarawe haijashikana, ngoja ijaribiwe kwanza kwa viazi. Wiki hiyo ikanyesha, akasema ngoja ikauke. Ikakauka, akasema kuna karavati moja Kifuani halimpendezi. Asubuhi ya Jumapili ya pili alikuwa chumbani akitafuta mabuti ya kwendea kukagua hilo karavati, na birika la umeme jikoni likawa linachemka, linazima, linachemka tena.

"Umechemsha maji mara nne, mzee," akamwambia kwa sauti kutoka chumbani. "Unataka kuoga?"

"Chai," Sandy akajibu.

Alipotoka, alimkuta Sandy ameshajivuta mpaka mlangoni, koti la mvua kalivaa nusu, ile nusu anayoiweza. Kofia ya kazini ilikuwa mapajani, imegeuzwa juu chini, ndani yake kuna kitambaa cha jikoni, na ndani ya kitambaa yai.

"Twende," akasema. "Nitapima mimi."

"Karavati la Kifuani..."

"Netta."

Alimtazama. Kisha akamvisha nusu nyingine ya koti.

Walikwenda polepole. Netta hakuitazama njia, alilitazama lile yai ndani ya kofia, na kila penye kokoto moyo ulimpanda. Halikutikisika. Kifuani lilitulia. Karavati lisilompendeza lilipita chini ya magurudumu, na yeye hakujua wamelipita lini.

Getini, Sandy alinyoosha mkono wa kushoto akafungua komeo mwenyewe. Geti likafunguka bila kelele, kiti kikapita, nafasi ikabaki huku na huku. Netta akainua mguu amfuate, akakuta geti linamrudia usoni. Sandy alikuwa ameligeukia, amelishika kwa ule mkono mmoja, na kalishika kweli.

"Sandy, achia."

"Ushuru."

"Lango la ushuru liko kwa kuku wa Lachie."

"Mimi," Sandy akasema, "niko hapa."

Akalipa. Alilipa akiwa kainama juu ya geti la chuma lenye baridi, mwanamke wa miaka sabini mwenye mabuti yasiyofanana, maana katika haraka alikuwa amevaa moja la Sandy. Lachie alikuwa juu malishoni na alitazama pembeni kwa adabu, ingawa baadaye aliwasimulia watu wote.

Maji yalikuwa mengi siku ile. Netta akakifikisha kiti karibu na benchi la mawe, akakaza breki mara mbili, akasimama nyuma yake. Sandy alitazama maji yakianguka. Uso wake ulilowa, na Netta hakuuliza kama ni maji ya maporomoko au ni yake. Yeye mwenyewe alikuwa akilia waziwazi, kwa furaha, na hakujificha.

Kisha akajipangusa, na jicho lake likaanza kazi. "Lile karavati," akasema. "Nitarudi pale mara moja tu, wewe kaa hapa utazame."

Akasikia mlio mdogo. Sandy alikuwa ameligonga yai kwenye chuma cha kiti. Netta akaruka kuokoa koti, lakini hakuna kilichomwagika. Ganda lilipasuka, na ndani yai lilikuwa jeupe, gumu, limeiva.

Alilitazama, akamtazama Sandy, akalikumbuka birika.

"Umeniibia kipimo," akasema.

Sandy alikuwa akilimenya kwa kidole gumba, taratibu, ganda likianguka ndani ya kofia. Alipomaliza aliligawa kwa meno, akampa mkewe nusu. Maneno yalikuwa mengi kwa ulimi wake, kwa hiyo aliyapanga kwanza kama mawe, kisha akayatoa moja moja.

"Njia imekwisha, Netta. Kaa."

Benchi lilikuwa na baridi na ukungu wa kijani pembezoni. Alijengewa miaka ishirini iliyopita na hakujua kwamba lina mahali pa kuegemeza mgongo. Akakaa. Wakala yai lisilo na chumvi, wakatazama maji, na karavati likakaa na majani yake.

Kesho yake asubuhi alikuwa dukani kununua birika jipya, kwa sababu lile la nyumbani lilikuwa na harufu ya yai. Lachie alikuwa mlangoni na gunia begani.

"Limefika?"

"Limeliwa," Netta akasema, akampita.